Gemu linajifunga lenyewe na barabara inajaa pembetatu nyeusi, msaada wakuu

Dereva wa Usiku: Habari za jioni wakuu. Nina laptopu niliyonunua mkononi mwa mtu, Core i5, RAM 8, kadi ya michoro ya Nvidia GTX 1050. Gemu la malori linafunguka vizuri, ila nikiingia mjini barabara inajaa pembetatu nyeusi, vivuli vinawaka na kuzima, kisha linajifunga bila hata ujumbe. Nimeingia Device Manager kusasisha draiva (programu inayoiendesha kadi), Windows inaniambia iliyo bora ipo tayari. Kadi imekufa?

Fundi Kebo: Mkuu, hapo Windows inasema tu kwamba yenyewe haijaona nyingine. Bonyeza kulia kwenye jina la kadi, Properties, halafu Driver. Tarehe ni ya lini?

Dereva wa Usiku: Mei 2019.

Fundi Kebo: Mchawi huyo. Pakua kwenye tovuti ya Nvidia yenyewe, chagua ya laptopu. Andaa bando, faili linapita MB 600. Ukisakinisha chagua Custom, weka tiki kwenye clean installation ili mabaki ya zamani yaondoke. Zile programu za "sasisha draiva zote bure" achana nazo, nyingi ni matangazo matupu.

Binti Pikseli: Ila achukue toleo la 580. Kadi za familia ya GTX 10, kama hiyo 1050, ziliacha kupewa draiva za magemu Oktoba 2025, zimebakiwa na za usalama hadi Oktoba 2028. Matoleo ya 590 hayaitambui kadi yake.

Mzee Kibodi: Kabla hajamaliza bando aingie BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Akiona michoro ya ajabu na humo, kadi ndiyo mbovu.

Binti Pikseli: Hapana mzee wangu. Laptopu nyingi za namna hiyo zina kadi mbili, BIOS inaonyeshwa na ile ya Intel, hivyo itakuwa safi hata Nvidia ikiwa imeungua. Aende Settings, System, Display, Graphics, achague Power saving kwa gemu hilo ili litumie kadi ya Intel, ashushe ubora, ajaribu. Pembetatu zikipotea, tatizo liko upande wa Nvidia.

Dereva wa Usiku: Zilipotea kweli, nikaweka 580. Sasa kwa Nvidia barabara safi kabisa! Ila nikicheza muda mrefu gemu bado linajifunga.

Fundi Kebo: Feni ikoje?

Dereva wa Usiku: Inanguruma mpaka chumba cha pili wanalalamika.

Fundi Kebo: Basi hiyo ni joto, draiva imeshamaliza kazi yake. Ipulizwe vumbi, ibadilishwe pesti ya kupitisha joto kwenye prosesa na kwenye kadi, na usiiweke tena kitandani.