Mtoto anakimbia vizuri ila baba yake anataka aache, nimjibu nini?

Shangazi_Tumbe: Asalaam aleikum jamani. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 15, anasoma skuli huku Pemba, mita 800 hakuna msichana anaemfikia. Bahari ikipwa anashuka pwani kukimbia kwenye mchanga mgumu, mtandio kaubana pini nne, suruali mpaka kisiginoni. Sasa kaka kaja juu, ameshavunja ungo basi mbio zimekwisha, na eti mashindano makubwa lazima avue. Mie nakataa ila sina la kumjibu. Ni kweli?

Mwalimu_Chake: Waaleikum salaam Bi Shangazi. Si kweli hata kidogo. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alikimbia Olimpiki 2004 na 2008 kajifunika, na 2006 kule Doha akachukua dhahabu ya mita 200 michezo ya Asia. London 2012 Sarah Attar wa Saudia alikimbia hizo hizo 800 na kichwa kakifunika, alimaliza wa mwisho na watu wakasimama kumpigia makofi. Mpira ndo ulichelewa, FIFA waliruhusu hijabu 2014, Kombe la Dunia 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza nayo. Muoneshe kaka picha kwanza, maneno baadae.

Mbio_Ndefu: Tena hizo 800 wanawake walikimbia Amsterdam 1928, wakubwa wakasema wanachoka mno wakazifuta, hazikurudi mpaka 1960! Miaka 32 watu wananyimwa kwa maneno tu. Na sie Olimpiki tunakwenda na bendera ya Tanzania, kwa hiyo mtoto lazima aonekane mpaka bara, akiachishwa sasa hivi nani atamjua?

Netiboli_Zamani: Mie nilicheza netiboli skuli, hijabu haikunizuia hata siku moja. Nilichoka na mengine, hapana pa kubadilisha nguo, unarudi na jasho lako njia nzima vijana wanakutupia maneno, na jioni kiwanja cha wavulana. Dada muulize kaka yako hasa anaogopa nini, pengine ni ile safari ya meli na kulala ugenini.

Shangazi_Tumbe: Hapo umenigusa, maana safari ya mwisho ya Unguja mtu mzima aliyefuatana nao alikuwa mwanamme peke yake, na kaka aliliona hilo akanyamaza. Basi mtoto ntakwenda nae mwenyewe. Picha za Ruqaya nshazitia kwenye simu, leo baada ya Isha nakaa na kaka barazani.