Sensa ya sukari ya mwanangu inasema 2.9, kidole kinasema 6.4. Niamini kipi?

#1 Mama Wawili

Habari za jioni wakuu. Kabla hamjacheka: nazungumzia sensa ya sukari, ile ya kubandika mkononi, si sensa ya watu na makazi.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 10, ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 6. Tuko Tegeta. Miaka yote minne tumeishi kwa kutoboa vidole, mpaka ncha zake zimekuwa ngumu kama za fundi cherehani. Mwezi uliopita mjomba wake anayeishi Uingereza alituletea sensa nne pamoja na kisomeo, kile kifaa kinachoonyesha namba zake. Ni zile za duara kama sarafu, zinakaa nyuma ya mkono juu ya kiwiko kwa siku 14. Kampuni siitaji, nisije nikaonekana natangaza au nachafua.

Furaha ilidumu siku mbili. Usiku wa saa nane hivi kengele inalia, naamka nakuta 2.9, sukari iko chini mno. Nikamwamsha nikampa maji ya sukari. Asubuhi ana 15, iko juu mno. Kesho yake tena, 3.1, sukari tena, asubuhi 16. Usiku wa tatu ikasema 2.9 tena, roho ikasita, nikatoboa kidole kwanza: 6.4! Na mtoto hatetemeki, hana jasho, kalala zake fofofo.

Juzi mchana zikagombana tena. Kisomeo 7.8, kidole 15.9.

Halafu sensa ya kwanza kabisa ilibanduka siku ya tano akiwa shuleni, ikarudi nyumbani ndani ya mfuko wa shati. Kwa hiyo moja imekufa, moja iko mkononi, mbili nimeziweka juu ya friji. Baba yake anasema mjomba kauziwa feki. Mimi nawaza joto la Dar. Mnaozitumia, nisaidieni, maana kwa bei yake siwezi kununua nyingine hivi karibuni.

#2 Chogo

Nimefungua mbio nikidhani karani kapotea njia. Pole mama, wajuzi wako njiani.

#3 Sindano Nne

Pole sana mama. Mimi ni aina ya kwanza, mwaka wa 19 sasa, na sensa navaa nikizipata. Kabla ya mengine nikuulize: sensa iko mkono gani, na mtoto hulalia ubavu gani?

#4 Mama Wawili

Mkono wa kushoto. Ubavu sijawahi kuangalia, analala na mdogo wake, yeye upande wa ukutani. Ngoja nikachungulie.

Nimerudi. Kalalia kushoto, mkono mzima uko chini yake.

#5 Sindano Nne

Basi mwizi wako wa usiku kapatikana.

Sensa haigusi damu. Ina kiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi na kupima sukari iliyo kwenye majimaji yanayozunguka seli. Mtu akiilalia, sehemu ile inabanwa, majimaji na damu havipiti kama kawaida, na namba inashuka huku sukari ya mwilini iko palepale. Akigeuka, namba inarudi. Fungua grafu ya usiku ule kwenye kisomeo uangalie. Sukari inayoshuka kweli mara nyingi huteremka kwa mteremko, unaiona ikija. Ya kulaliwa huanguka kama nazi, inakaa chini kidogo, kisha inapanda ghafla bila mtu kula chochote.

Zile 15 na 16 za asubuhi, kwa mtazamo wangu, ni maji ya sukari uliyompa bila kuhitajika. Usijilaumu, kila mzazi angefanya hivyo. Mke wangu alininywesha soda nzima usiku kwa kosa hilohilo na asubuhi nikaamka na 19 na hasira juu.

Na kipindi hiki kengele ikilia usiku, toboa kidole. Ila ukimkuta anatetemeka, ana jasho la baridi au anaongea ovyo, usianze kutafuta stripu za kupimia damu gizani. Mpe sukari kwanza, upime baadaye.

#6 Mama Wawili

Nimeangalia grafu. Imeanguka hivyohivyo, kama nazi. Jamani, nimemlisha mtoto sukari usiku bure!

Na ile ya mchana je? Wakati ule hakuwa amelala.

#7 Nesi Mstaafu

Mwanangu Mama Wawili, hujambo. Nimekaa kliniki ya kisukari miaka mingi, kwa hiyo nitakuuliza kama nilivyozoea kuwauliza wazazi: kabla ya kupima mchana ule, mtoto alikuwa anakula nini kwa mikono?

#8 Mama Wawili

Shikamoo mama. Embe. Alikuwa ametoka kula embe dodo uani na wenzake.

#9 Nesi Mstaafu

Marahaba. Basi siku ile ulipima embe.

Tone la damu la stripu ni dogo sana, sukari kidogo ya tunda ikibaki kwenye ngozi inatosha kupandisha namba mara mbili. Na ile spiriti ya kupangusa haiondoi utomvu wa embe vizuri. Dawa ni maji na sabuni, kisha vidole vikauke kabisa. Kama maji hakuna, pangusa tone la kwanza utumie la pili. Sasa nikuulize jambo linaloniumiza kichwa zaidi: kwa hiyo 15.9, ulimwongezea insulini?

#10 Mama Wawili

Hapana, ndiyo kwanza nilikuwa naduwaa.

#11 Nesi Mstaafu

Alhamdulillah. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Namba mbili zikigombana, nawa mikono yake, rudia kidole, ndipo uamue. Angalia pia stripu zako: tarehe ya mwisho, na kopo lifungwe mara tu unapotoa moja, unyevunyevu unaziua.

Tena hata vyote viwili vikiwa vizima havitalingana sawasawa. Sukari hufika kwenye damu kwanza, kwenye majimaji ya chini ya ngozi baadaye, dakika tano hadi kumi hivi. Akiwa amekula au anakimbia, sensa iko nyuma. Ukitaka kulinganisha, linganisha akiwa ametulia na mshale wa kisomeo umelala, yaani sukari haipandi wala haishuki. Siku ya kwanza baada ya kubandika usiiamini sana, ngozi bado ina kidonda kidogo. 6.4 kwa 7.1 si ugomvi, hiyo ni tofauti ya kawaida.

#12 Fundi Wa Simu Mabibo

Mimi naona tatizo ni joto. Hizo mbili zitupie friza mpaka siku ya kuzitumia. Na ya kubanduka, gundi ya viatu tone moja pembeni, haitoki hata akioga baharini.

#13 Nesi Mstaafu

Mwanangu, kwa simu tutakuja kwako. Kwa hili, hapana. Gundi ya viatu kwenye ngozi ya mtoto itamchubua, na friza itaiharibu sensa moja kwa moja.

Mama, kwenye boksi kuna mchoro mdogo wa kipimajoto wenye namba mbili. Ya juu huwa kati ya nyuzi 25 na 30 kutegemea aina. Nyumba ya Tegeta isiyo na kiyoyozi inapita hapo msimu huu bila shida. Na juu ya friji ndiyo pabaya kuliko kabatini, kwa sababu friji hutupa joto lake nje. Angalia namba ya chini nayo. Kama friji yako haiendi chini yake, weka mlangoni, mbali na barafu. Siku ya kubandika itoe mapema, iache izoee joto la chumba bila kufungua pakiti.

Kama zimeshapata joto siyo lazima zimeharibika. Tumia, ila ya kwanza uifuatilie kwa kidole kwa siku mbili.

#14 Sindano Nne

Kuhusu kubanduka: anapaka mafuta?

#15 Mama Wawili

Ya nazi, kila asubuhi. Mtoto wa Kitanga huyu.

#16 Sindano Nne

Hahaa. Gundi na mafuta ya nazi hawajawahi kupatana. Siku ya kubandika osha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, kausha, pangusa kwa spiriti, halafu subiri ikauke yenyewe, usipulize. Bandika, kandamiza kingo kwa kidole kama nusu dakika. Siku zinazofuata apake mafuta mwili mzima isipokuwa pale. Ukitaka kuongeza plasta juu yake sawa, ila kama sensa yako ina kitundu katikati, usikizibe.

Safari ijayo bandika mkono wa kulia, kwa kuwa analalia kushoto. Na usibandike palepale ilipokuwa ya zamani, ngozi ipumzike.

#17 Mfamasia wa Kona

Nachomekea moja ambalo watu husahau. Kuna dawa zinazodanganya sensa. Maelekezo ya sensa ya FreeStyle Libre 2 yanaonya kwamba vitamini C ikizidi miligramu 500 kwa siku inaweza kupandisha namba kwa uongo. Vile vidonge vya kuyeyusha majini vyenye miligramu 1,000 ambavyo kila mtu anakunywa akipata mafua, kimoja tu umeshapita. Wa sensa za Dexcom G6 na G7 wao wanaonya kuhusu paracetamol ikizidi gramu 1 kila saa 6 kwa mtu mzima, na hydroxyurea, ambayo wenye selimundu wengi wanaitumia. Ubaya wake ni kwamba namba inakuwa juu kuliko ukweli, kwa hiyo sukari inaweza kushuka kengele isilie. Soma karatasi ya ndani ya boksi lako, kila aina na masharti yake.

#18 Mama Wawili

Vitamini C hatumpi, embe zinatosha. Asanteni, nitaleta mrejesho.

#19 Mama Wawili

Mrejesho baada ya siku nne.

Sensa haijafika mwisho, kwa hiyo nimeiacha kushoto na kumhamishia mtoto upande wa pili wa kitanda, na mto mgongoni asigeuke. Mdogo wake amegoma kulala ukutani, hilo ni shauri jingine. Usiku mbili za kwanza kengele kimya. Nimelala kama binadamu kwa mara ya kwanza tangu mjomba ashuke uwanja wa ndege.

Usiku wa tatu, saa tisa kasoro, ikalia. 3.4. Nikajisemea keshailalia tena, nikataka kugeukia upande wangu. Nikakumbuka maneno ya humu, nikainuka. Mto uko mahali pake, mkono uko juu. Nikamnawisha kidole kwa kitambaa chenye maji na sabuni, nikatoboa: 3.3. Ya kweli kabisa! Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nikangoja dakika 15, nikapima tena, 4.9, nikampa na kipande cha mkate. Jioni ile alicheza mpira mpaka magharibi.

Na grafu ilikuwa mteremko, Sindano Nne. Tangu saa tano usiku.

#20 Sindano Nne

Nimesisimka kusoma. Vizuri uliinuka.

#21 Nesi Mstaafu

Mpira wa jioni huendelea kula sukari saa nyingi baadaye, mpaka usiku wa manane. Usipunguze insulini kwa kubahatisha. Ipige picha ile grafu, andika pembeni siku zote alizocheza na alichokula usiku ule, uende nayo kliniki kabla ya tarehe yako, usingoje. Siku za mpira kwa sasa mpime kabla ya kulala, na wewe mwenyewe weka kengele ya saa nane.

#22 Mama Wawili

Kesho asubuhi tuko kliniki. Sensa mbili zimehamia mlango wa friji, kwenye kikopo cha siagi. Baba yake kishafungua mara moja akitafuta siagi.