Naomba ushauri: simulizi za wazee wa Geita 1958 na majalada ya wakoloni

Habari zenu wakuu. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya lililochanganya Waafrika, Wazungu na Waasia, wakaja hadi hapa Mwanza kudai wasikilizwe. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliiandika kama fujo ya watu waliochochewa. Babu yangu mdogo alikuwemo, na anavyosimulia ni jambo jingine kabisa: wakulima na wafugaji waliochoka kuamriwa walimeje na wabaki na ng'ombe wangapi, bila kuulizwa.

Kwa aliyewahi kusoma majalada pale Nyaraka za Taifa, Dar: kibali kinaombwaje kwa mtu asiye na chuo nyuma yake?

Na nikipata nakala, nimsomee mzee kwanza ajibu, au nimrekodi kabla hajasikia walichoandika? Mimi naegemea hili la pili, nisije nikamlisha maneno. Anaongea Kisukuma, na rekodi nataka ibaki hivyo, tafsiri iwe pembeni.

Je, Makumbusho ya Bujora, yale ya utamaduni wa Wasukuma, wanapokea sauti zilizorekodiwa? Kifua kinamsumbua siku hizi, hivyo natamani kuanza kabla ya masika.