Tupeane uzoefu: mbwa wa ulinzi akimng'ata mtu, mwenye mbwa anawajibika hadi wapi?

Ndugu zangu wa Dodoma na majirani wa Singida, naomba tulizungumze jambo hili kwa uzito wake. Katika maeneo yanayojengwa kwa kasi kama Iyumbu, Nzuguni na Miyuji, familia nyingi huhamia kabla ukuta haujakamilika, na ulinzi wote huachiwa mbwa. Kufuga mbwa wa ulinzi si kosa, lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake. Na mbali na jinai, aliyeumizwa anaweza kudai fidia. Kila aliyepatwa na jambo hili, awe mwenye mbwa au aliyeng'atwa, tafadhali aeleze lilivyotokea na lilivyoamuliwa.

Mkazi wa Nkuhungu
Kazi yangu ni kusoma mita za maji, kwa hiyo mageti ninayoyabisha hodi ni mengi. Nyumba moja ilikuwa na kibao cha "Mbwa mkali", nami niligonga na kusubiri kama nifanyavyo siku zote. Mtoto mdogo akafungua geti, mbwa akapenya ubavuni mwake, akanidaka shavu la mguu na kung'ang'ania hadi suruali ikachanika mpaka gotini. Jibu la kwanza la mwenye nyumba lilikuwa kwamba kibao nilikiona. Nilichukua PF3, ile fomu ya matibabu, polisi, nikaanza chanjo hospitalini, kisha mwenyekiti wa mtaa akatukutanisha. Baada ya mabishano marefu alikubali kulipia chanjo zote, nauli na suruali. Tukaandikishana mbele ya mashahidi na muhuri ukagongwa. Kilichomlainisha ni swali la mzee mmoja aliyekuwapo: ikiwa ulijua ni mkali kiasi cha kuandika kibao, kwa nini alikuwa amefunguliwa mchana, saa ambazo watu hubisha hodi?

Mwanzisha mada
Mzee huyo amegusa kiini cha jambo. Sheria yetu ya madai imepokea kanuni za Uingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920, na kwa kanuni hizo mwenye mbwa hubanwa zaidi pale inapothibitika kwamba aliijua tabia ya mnyama wake. Kibao humwonya mgeni, na papo hapo kinaweza kuwa ushahidi kwamba ulijua. Katika kesi ya Sarch dhidi ya Blackburn ya mwaka 1830, onyo lilikuwapo, lakini aliyeng'atwa hakujua kusoma, hivyo onyo hilo halikumwokoa mwenye mbwa. Tuwafikirie watoto wanaotumwa chumvi kwa jirani.

Mama wa Ipagala
Kwetu hakung'atwa mtu. Mbwa wa jirani, ambaye hufunguliwa usiku na kupita kwenye tundu la michongoma, aliua mbuzi wangu mmoja na kumjeruhi mwingine. Jirani alilipa kwa bei ya mnadani bila kubishana, ila tundu halijazibwa hadi leo, na hilo ndilo linalonikera.

Mtaalamu wa mifugo, Kongwa
Kinachonisikitisha ni watu kukimbilia kumuua mbwa aliyeng'ata. Ikiwezekana afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa na virusi vya kichaa kwenye mate yake siku aliyong'ata huugua waziwazi au hufa ndani ya muda huo. Aliyeng'atwa yeye asisubiri siku hizo zipite. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, maana dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mwenye mbwa naye aitunze kadi ya chanjo, kwani ndiyo karatasi ya kwanza ninayoiulizia nikifika nyumbani kwake. Niongeze kwamba mbwa anayeshinda juani kwenye mnyororo mfupi, bila maji, huwa mkali kwa kila mtu, hata kwa wa nyumbani, na kumtesa namna hiyo ni kwenda kinyume na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Mkazi wa Kisasa
Na mwizi aliyeruka ukuta usiku, naye atadai fidia?

Mwanzisha mada
Huyo halingani na msomaji wa mita, kwa kuwa aliingia pasipo haki. Hata hivyo, Kanuni ya Adhabu humruhusu mtu kujilinda na kulinda mali yake kwa nguvu ya kadiri, na anayepitiliza huwajibika kwa jinai. Mbwa akimdaka mwizi ndani ya uzio, amefanya kazi yake. Ukisimama pembeni na kumhimiza aendelee kumrarua mtu aliyekwisha kulala chini na kujisalimisha, tendo hilo sasa ni lako wewe. Aliyewahi kufikisha dai la namna hii mahakamani atueleze aliombwa ushahidi gani, hasa kama mbwa hakuwa amewahi kumng'ata mtu kabla ya siku hiyo.