Tupeane uzoefu: msimu wa timu ya kikapu ya chuo uliokukosesha usingizi

Mlinda Kafe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za Simba na Yanga nimezisoma mpaka macho yamechoka. Leo na sisi wachache wa mpira wa kikapu tupate kibaraza chetu. Swali langu dogo: msimu gani wa timu ya chuo, ya wanaume, ulikuingia mpaka ukasahau kulala? Si lazima iwe timu iliyobeba kombe. Naanza mwenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa nashika intaneti kafe moja pale Mwenge, kompyuta nane na feni moja. Usiku nafunga geti la chuma, nalala humohumo kama mlinzi. Sasa huko Marekani, Chuo Kikuu cha Connecticut, kulikuwa na kijana wetu wa Dar, Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3. Sisi tuliokuwa tunacheza jioni viwanja vya Don Bosco Upanga tulimzungumza kama mtu wa nyumbani, hata wale ambao hawakuwahi kumwona.

Picha za mechi sikuwa nazo, mtandao usingeweza. Nilichokuwa nacho ni ukurasa wa matokeo ambao lazima uubofye upya wenyewe. Unabofya, unangoja, unakuta Thabeet kazuia mtupo. Unabofya tena. Mechi na Providence alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) na bloku 10 (mitupo ya wapinzani aliyoizuia). Na Seton Hall pointi 25, ribaundi 20, bloku 9. Nilichapisha karatasi ya takwimu nikaibandika ukutani, wateja wanauliza hii ni nini, nawaambia ni cheti.

Halafu ikaja Pittsburgh, sisi tukiwa namba 1 nchi nzima. DeJuan Blair, mtu mfupi kuliko Thabeet kwa karibu kichwa kizima, akafunga 22 na kubeba ribaundi 23, na kwenye kugombea mpira mmoja akamgeuza jamaa yetu juu ya bega kama gunia la mkaa. Tukalala 76-68. Mwisho wa msimu wale wawili wakagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, Big East. Mpaka leo naona ile picha ya bega ilimwonea Thabeet, watu wanaikumbuka kuliko zile bloku zote.

Ila usiku wenyewe ni ule wa robo fainali ya Big East, Madison Square Garden, New York, dhidi ya Syracuse. Kwa saa zetu ilianza saa kumi na nusu alfajiri ya Ijumaa, Machi 13. Nikajisemea, saa kumi na mbili na nusu imekwisha, nipige mswaki nifungue. Muda wa kawaida ukaisha sare, na Syracuse walifunga kikapu cha mwisho ambacho waamuzi walikitazama kwenye televisheni wakakikataa, sehemu ndogo ya sekunde imechelewa. Muda wa ziada. Sare. Wa pili, sare. Wa tatu. Bosi akafika saa mbili kasoro, geti limefungwa, anagonga, mimi nabofya. Nikamfungulia nikamwambia "bosi, ni ya tano hii". Akadhani ni kompyuta ya tano imeharibika. Muda wa ziada SITA, wakuu. Saa mbili na dakika 22 asubuhi tukafungwa 127-117. Siku hiyo sikulipwa.

Kwenye mchujo wa taifa wa vyuo, ule wa ukifungwa umetoka, tukaanza kwa kuwapiga Chattanooga 103-47, na kocha Jim Calhoun hakuwepo hata uwanjani, alikuwa mgonjwa. Tukawapiga Texas A&M, tukawapiga Purdue 72-60, tukawapiga Missouri 82-75, siku hiyo kijana wa mwaka wa kwanza anaitwa Kemba Walker akafunga 23. Tukaingia nne bora, Detroit. Na waliopangwa na sisi ni Michigan State, ambao Detroit ni kwao. Watu zaidi ya elfu 72 uwanjani, karibu wote wa upande wa pili. Ilianza saa saba usiku Dar. Kipindi cha pili umeme Mwenge ukakatika. Nimekaa gizani na ukurasa umeganda kichwani, najiambia labda tumerudi. Umeme uliporudi ilikuwa 82-73, tumetoka.

Msimu ukaisha na ushindi 31 na vipigo 5. Juni ile Memphis wakamchukua Thabeet namba 2, Mtanzania wa kwanza NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Watu humu hupenda kutaja nani walichukuliwa nyuma yake, najua, msinijazie uzi. Mimi naongelea chuo.

Haya, tiririkeni.

Bi Mkasi

Niko hapa na kahawa. Bosi na "kompyuta ya tano" nimecheka mpaka mteja wangu kashtuka chini ya mkasi.

Mwana Lushi

Salamu ba ndugu. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, niko Lexington, Kentucky, toka 2016. Kiswahili chetu mtakivumilia.

Kwetu hapa Wakongo tuko wengi, na mji mzima unaishi kwa timu ya chuo. Unapofika kama mkimbizi unaona watu wazima wamevaa buluu siku ya kazi, unafikiri ni sikukuu ya kanisa. Miaka ya kwanza mimi haikunihusu. Halafu msimu wa 2021-22 akaingia Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi kabisa. Ribaundi 15 kwa mechi, wastani! Mtu mwingine akiruka kutafuta mpira, Oscar anaonekana kama ni yeye aliyeuweka pale mapema. Wakampa tuzo ya mchezaji bora wa nchi nzima.

Kitu ambacho hamtakielewa mpaka mkae hapa: kazini, kwenye ghala, wenyeji walikuwa wananiita "wewe" tu. Mwezi wa kwanza 2022 mzungu mmoja wa zamu yetu akaniuliza, Oscar anatoka mji gani? Nikamwambia, mji wangu. Akataka kujua tunakula nini huko. Nikamletea bukari (ugali wetu) na sombe (kisamvu) kesho yake. Alikula sombe, bukari ilimshinda. Watoto wote kanisani wakataka fulana namba 34, hata binti yangu ambaye mpira hajui.

Sasa mwisho wake... mwenye nguvu asimulie, mimi siwezi. Ni Machi 17, Indianapolis. Oscar alifunga 30 na ribaundi 16, na bado.

Mpemba wa Jersey

Nguvu ninazo mie! Ndugu yangu wa Lushi, pole, lakini hiyo ndiyo raha yangu mimi.

Nnakaa Jersey City, New Jersey, nnaendesha gari la kusambaza vifurushi. Kila siku nnapita Kennedy Boulevard mbele ya Saint Peter's, chuo kidogo cha Wajesuiti, na wallahi miaka mingapi nnapita pale sikujua wana timu. Uwanja wao ni ukumbi wa watu elfu tatu na kitu. Timu inaitwa Tausi. Ukilinganisha na Kentucky ni kama ngalawa na meli.

Kwenye mchujo ule kila kundi lina timu 16, namba 1 ndiyo inayodhaniwa bora na 16 mnyonge; wao walipangwa namba 15, Kentucky namba 2. Tukio lenyewe nililisikilizia redioni, nna vifurushi 40 vimebaki. Nusu ya kwanza nikasema watapigwa tu. Ikafika muda wa ziada nikaegesha gari pembeni, nikazima injini. 85-79, Tausi! Watu wakatoka nje ya baa barabarani, na mie nimevaa kofia yangu na fulana ya kazi nikashangilia nao, hatujuani hata mmoja.

Tokea siku ile nikawa mwanachama. Wakawapiga Murray State 70-60. Halafu Philadelphia wakawapiga Purdue 67-64, ikawa mara ya kwanza namba 15 kufika nane bora tangu mashindano yaanze kupangwa hivyo. Mlikuwa na kijana Doug Edert mwenye kimasharubu chembamba, mji mzima vijana wakaanza kufuga kimasharubu kile, hakikumpendeza mtu. Na kulikuwa na mapacha kutoka Mali, Hassan na Fousseyni Drame. Hassan yule ndo alinishika, maana mwanangu jina lake hilo. Ramadhani ilikuwa inakaribia, imamu wetu akawataja mapacha wale kabla ya darsa, kisha akajirudi akasema tusichanganye mambo.

North Carolina wakatukata 69-49. Haikuuma. Kilichouma ni baadaye: kocha Shaheen Holloway akaenda Seton Hall, alikosoma mwenyewe, na wachezaji wakatawanyika vyuo vingine mmoja mmoja, mapacha nao wakaondoka. Sikulaumu mtu, kila mtu na riziki yake. Ila Novemba nilinunua tikiti ya kwanza ya maisha yangu kwenda kuwaona, nikakaa nikitafuta sura, sikuijua hata moja.

Mwana Lushi

Papa, umesimulia vizuri na umeniua mara ya pili. Ile usiku binti yangu alilala na fulana namba 34. Zamu yangu ilianza saa tano, kwenye ghala hakuna aliyeongea, tulipakia masanduku kama watu wa msiba. Yule wa bukari akaja akanishika bega, akasema jina langu. Toka siku ile ananiita kwa jina.

Rumonge

Mimi mfupi. Charlottesville, Virginia, nilifika 2017 na familia, tumetoka kambini. Machi 2018 chuo cha hapa, Virginia, kikawa timu namba 1 ya kwanza kabisa kufungwa na namba 16, 74-54, na UMBC, chuo cha Maryland. Mji ulinyamaza, nikamuuliza jirani kama kuna rais amekufa.

Mwaka uliofuata, 2019, wakabeba kombe lenyewe. Ushindi 35, vipigo 3. Na Purdue waliwapata kwa mtupo wa sekunde ya mwisho wa Mamadi Diakite, kijana wa Conakry, ikawa 70-70, wakamalizia muda wa ziada 80-75. Nusu fainali na Auburn wako nyuma pointi 2, imebaki sekunde 0.6, Kyle Guy kafanyiwa faulo, mitupo huru mitatu. Yote ndani. 63-62. Mke wangu alikuwa ameshatoka nje, hakuweza kutazama. Fainali na Texas Tech nayo ikaenda muda wa ziada, 85-77. Kocha wa wakati ule, Tony Bennett, alikuwa anachezesha polepole sana, wengine walisema inachosha. Mimi ninayetoka nilikotoka, polepole haijawahi kunichosha.

Bi Mkasi

Samahani, ni mimi tu au Purdue wamefungwa kwenye kila stori humu?

Mlinda Kafe

😂😂 Dada umeona mbali. 2009 tuliwafunga sisi, 2019 Virginia, 2022 Tausi. Hawa jamaa ni daraja, kila mtu anapita.

Senta Mfupi

Wacha nilete ya nyumbani, maana naona wote mko ng'ambo.

Nilichezea timu ya chuo kimoja Nairobi, sikitaji. Futi 6 na inchi 1, na nikiwa senta, nafasi ya mrefu wa timu, hapo mjue hali yetu. Msimu wetu mzuri tulishinda mechi za nyumbani zote isipokuwa moja. Nyumbani maana yake gym ya Nyayo tukipata nafasi, au kiwanja cha lami cha chuo chenye shimo chini ya kikapu cha kusini. Lile shimo tulilijua sisi, wageni hawakulijua. Nadhani lilitufungia pointi nyingi kuliko mimi.

Mechi ya kukumbuka ni Mombasa, ukumbi wa Makande, nyumbani kwa KPA, timu ya mamlaka ya bandari, watu wazima wenye kazi na mishahara. Tulisafiri na basi la usiku, tukafika alfajiri, tukala mahamri na mbaazi kando ya barabara, tukacheza saa nane na joto lile. Robo tatu tulikuwa mbele. Robo ya nne miguu ikatukumbusha basi. Tulifungwa, lakini wazee wa Mombasa walitupigia makofi tukitoka, na mmoja akatulipia madafu kumi na mbili.

Chuo kilikuwa kimetuahidi tracksuti tukimaliza nafasi za juu. Tulimaliza. Tracksuti nazingoja mpaka leo, na tumbo hili sasa hata zikija hazitanitosha.

Mama Ntilie wa Upanga

Senta Mfupi, hilo shimo la kusini mngelisajili kama mchezaji.

Nyar Mabohari

Nimesoma kimya tangu mwanzo nikijikaza, lakini hilo neno "daraja" siliachi lipite. Mimi ni Mkenya, niko West Lafayette, Indiana. Nasoma PURDUE. Mcheke mmalize kwanza.

Mmemaliza? Sasa mmesahau mmoja. Machi 2023, mwaka wangu wa kwanza hapa, tulikuwa namba 1 tukafungwa na Fairleigh Dickinson (FDU), namba 16, 63-58. Rumonge, ile timu yako ilikuwa ya kwanza, yetu ndiyo ya pili. Katika historia nzima ziko mbili tu.

Kila mtu alidhani Zach Edey ataondoka. Huyu ni Mkanada, futi 7 na inchi 4, anamzidi hata Thabeet kwa inchi. Akarudi. Kocha Matt Painter akarudi na kikosi karibu kilekile. Msimu mzima wa 2023-24 kila ugenini wanaimbiwa FDU, FDU, na wao wanashinda tu. Uwanja wa Mackey unachukua watu karibu elfu 15, na paa lake linarudisha sauti chini. Mara ya kwanza nilitoka masikio yanalia mpaka asubuhi. Nilikuwa nafanya kazi ya kufuta meza kwenye bwalo la chakula, na msimamizi, mama wa makamo wa hapa Indiana, alikuwa hataji neno "fainali". Anasema "ile wikendi".

Nane bora tukakutana na Tennessee, pale pale Detroit alikofia Mlinda Kafe ingawa uwanja mwingine. Edey akafunga 40. 72-66. Purdue hawakuwa wamefika nne bora tangu 1980. Yule mama alinikumbatia na kitambaa cha kufutia meza mkononi, analia, ananiambia mara ya mwisho alikuwa msichana mdogo na baba yake alikuwa hai.

NC State tukawapita 63-50. Fainali, Aprili 8, 2024, Glendale, Arizona, ikawa na... Connecticut. Edey alifunga 37 peke yake, wengine wakazibwa kila kona. 75-60. Asante sana, Mlinda Kafe, wewe na watu wako.

Tulimaliza na ushindi 34. Kesho yake bwaloni yule mama alikuja na fulana yake ya dhahabu na nyeusi, akaanza kupanga viti kama kawaida. Na mimi nilikuwa nimevaa yangu.

Kwa hiyo Bi Mkasi, ongeza hesabu: stori tano, na sisi tumefungwa zote. Ila hii ya mwisho mmeisikia kwangu.