Mafundi wa tovuti, acheni kutufungia picha za nyumba zetu wenyewe! (Lamu)

Wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho. Nimeshaongea na fundi aliyetujengea tovuti kwa upole, nimeongea kwa ukali, sasa naleta hapa.

Familia yetu ina nyumba ya wageni Lamu, mtaa wa Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ni nyumba ya mawe ya kale, ina daka (kibaraza cha mlangoni), ina zidaka (vishubaka vya ukutani) ukuta mzima, ina mlango wa nakshi. Mgeni aliye mbali hana njia ya kuijua ila picha. Hakuna atakayefunga safari hadi gati ya Mokowe, upande wa bara, akavuka kwa boti kwa sababu ya maneno matamu peke yake. Sasa fundi tuliyemlipa pesa yote, bila kubakisha shilingi, ametujengea tovuti ya WordPress (programu ya kujengea tovuti) ambayo wenye nyumba hatuwezi kubadilisha picha.

Fungua ukurasa wa mbele. Lile bango kubwa la juu, kitu cha kwanza mgeni anachokiona, ni mlango wa Unguja! Umejaa njumu, yaani vichwa vya shaba vilivyochongoka. Mtoto yeyote wa Lamu atakwambia huo si wetu. Mlango wetu ni mbao na nakshi, maua yamechongwa kwenye mfaa (mti wa katikati ya mlango) na kizingiti cha juu, hakuna shaba hata moja. Wageni wanafika wanatuuliza ule mlango wa kwenye tovuti uko wapi. Mama yangu ndiye anayewapokea, na ni yeye anayeonekana muongo mbele ya watu kwa picha ambayo hakuiweka.

Nikamwambia fundi autoe, aweke wetu. Jibu lake: bango limo ndani ya themu (mafaili yanayoipa tovuti sura yake), kulibadilisha ni kazi mpya, ina malipo yake.

Kwa wasiojua, WordPress ina Maktaba ya picha. Ukipakia picha inaingia humo, na fundi anayejali kazi yake huliunganisha bango na Maktaba ili mwenye tovuti abonyeze, achague nyingine, ahifadhi, basi. Huyu wetu alilitupa faili ndani ya folda ya themu na kuandika anwani yake moja kwa moja kwenye msimbo, maandishi ya programu yenyewe. Kisha akatupa akaunti ya Mhariri, yeye akabaki Msimamizi, mwenye mamlaka yote. Mhariri anaandika kurasa na kupakia picha, lakini themu haigusi, plagini (programu za nyongeza) haigusi, mipangilio haioni. Kwa hiyo kila picha muhimu ya nyumba yetu iko upande wake.

Na hasara haiishii hapo. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015, picha ikipita kwenye Maktaba WordPress huipa kivinjari orodha ya nakala za saizi tofauti, simu ikachukua ndogo na kompyuta ikachukua kubwa. Picha iliyozikwa kwenye themu namna ile haipati hilo. Mtu aliye na simu ndogo na bando la kuungaunga anavutishwa faili zima, ukurasa unakwama nusu, anafunga anakwenda kwa jirani. Halafu tunaambiwa intaneti ya Lamu ndiyo mbovu!

Haya, tuje kwenye zile picha tunazoruhusiwa kupakia. Nimepiga chumba cha juu asubuhi, mwanga ukiingia vizuri, zidaka zote zinaonekana mpaka kwenye kingo. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na mara nyingi inafika MB 3 mpaka 5. Napakia, inakataliwa: faili limezidi kikomo. Kikomo ni MB 2. Nampigia fundi, ananiambia picha zenu ni kubwa mno, zipitisheni WhatsApp kwanza zipungue.

Nikafanya hivyo. Nakshi za chokaa ambazo wazee walizichonga kwa subira zimeyeyuka. Pale kwenye pembe za zidaka, ambapo kulikuwa na mistari myembamba ya majani, kuna madoa meupe na kijivu tu. Ukiikuza kwenye kompyuta ukuta unaonekana kama una ukungu. Picha hiyo ndiyo inatangaza chumba chetu bora.

Nikakaa nikasoma mwenyewe. MB 2 ni kikomo ambacho PHP, lugha ya programu inayoiendesha WordPress kwenye seva, huja nacho kikiwa hakijaguswa. Kinaitwa upload_max_filesize. Kubadilisha ni mstari mmoja, na kampuni nyingi za seva (kompyuta zinazohifadhi tovuti) zinakuwekea sehemu ya kubadilisha bila hata kuandika kitu. Alipewa kazi nzima ya kujenga tovuti ya nyumba ya wageni, tovuti ambayo bila picha haina maana, na hakugusa mstari huo.

Na hiyo habari ya kupunguza picha kabla ya kupakia? Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha ikizidi pikseli 2560 kwa upande wowote WordPress yenyewe inatengeneza nakala iliyopunguzwa na kuitumia hiyo. Mashine ingeifanya kazi hiyo vizuri kuliko WhatsApp kama ingeruhusiwa tu kuipokea picha.

Najua kuna atakayekuja kusema seva ya bei ndogo inaelemewa. Kweli, picha ya 4000 kwa 3000 ikifunguliwa inakula karibu MB 48 za kumbukumbu, na PHP kwa kawaida imepewa MB 128, na kuna nakala kadhaa za kutengeneza. Basi aseme hivyo! Atuambie seva hii haitoshi, ongezeni kiasi fulani. Tungelipa. Hakusema, alitulaumu sisi na simu zetu.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni hiki. Kwenye zile picha zinazopokezana pale mbele aliweka moja ya siku za Maulidi, na ndani yake kuna mama wa mtaani kwetu amekaa darani, uso wazi, sura inajulikana. Hakuombwa ruhusa. Watoto wake walikuja nyumbani kwetu kwa adabu, wakasema hawataki mama yao atangaze biashara ya watu. Wana haki kabisa. Nikamwambia fundi aitoe siku ile ile. Akasema tayari. Kweli kwenye ukurasa haikuonekana tena. Mwanawe mmoja alikuwa amehifadhi anwani ya ile picha, akaifungua mbele yangu. Sura ya mama yake hiyo hapo, nzima!

Kuitoa picha kwenye ukurasa hakulifuti faili. Linabaki kwenye seva, yeyote mwenye anwani analifungua. Ingekuwa kwenye Maktaba ningeifuta mwenyewe pale pale, Mhariri anaruhusiwa. Lakini imo kwenye folda ya themu, na ufunguo anao mtu ambaye hajibu simu. Nikipita mtaani nakutana na yule mama, ananisalimia vizuri tu, na mimi sina la kumwambia.

Sitaki pole. Nataka faili lile lifutwe, nataka akaunti ya Msimamizi iwe kwa jina letu, na nataka bango litolewe kwenye msimbo liunganishwe na Maktaba. Seva iko kwenye akaunti yake, ila risiti za malipo yote ninazo mimi. Kikoa chetu, yaani jina la tovuti, ni cha .co.ke na nimegundua nacho amekisajili kwa jina lake. Aliyewahi kudai kikoa chake kupitia wakala wa usajili au KeNIC wenyewe, wasimamizi wa vikoa vya .ke, anieleze alianzia wapi na alidaiwa karatasi gani. Na kama kuna fundi Malindi au Mombasa anayeweza kuihamisha tovuti bila kupitia kwa huyu mtu, aniandikie kwa faragha leo, maana lile faili bado linafunguka.