Mjadala: Biashara inabebwa na kujuana, au na kazi yenyewe?

Wakuu, suala hili halijawahi kupata suluhu. Wapo wanaosema bila koneksheni hufiki popote: zabuni, mikopo na wateja wakubwa, vyote vina wenyewe. Wapo wanaojibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fanya kazi safi, wateja watakutafuta. Mimi naona pande zote mbili zinakosea, na kosa la upande wa kwanza linaumiza zaidi, maana linawakatisha tamaa vijana wasio na mjomba mahali popote.

Tuanze na swali linalorukwa kila mara. Biashara inakua kwa sababu mwenyewe anajuana na watu, au watu wanajisogeza kwake kwa sababu biashara tayari imekua? Ukimtazama tu tajiri mwenye namba za wakubwa kwenye simu, huwezi kujua kipi kilitangulia.

Ndiyo maana nauheshimu utafiti wa wanauchumi Jing Cai na Adam Szeidl, uliochapishwa mwaka 2018. Walichukua kampuni changa 2,820 nchini China na kuzigawa kwa kura. Mameneja wa baadhi yake waliwekwa kwenye vikundi vidogo, wakawa wanakutana kila mwezi kwa mwaka mzima. Nyingine ziliachwa bila mikutano. Hakuna aliyepata nafasi ya kumchagua shemeji yake. Wakatembeleana kwenye kampuni zao, wakaona mwenzao anavyoendesha kazi, wakaulizana habari za wauzaji, wateja na mikopo. Mapato ya kampuni zilizokutana yalipanda kwa asilimia 8.1 ukilinganisha na zile zilizoachwa, faida nayo ikaongezeka, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baada ya mikutano kwisha.

Kwa hiyo ninyi wa "kizuri chajiuza" mna la kujibu, kwa sababu kampuni hizo zilitofautishwa na kura, si na ubora wa bidhaa. Lakini ninyi wa koneksheni mna kubwa zaidi la kujibu: waliokutanishwa pale hawakuunganishwa na undugu wala na mkubwa fulani. Na jambo moja nalipenda sana katika matokeo yale: taarifa zenye manufaa zilisambaa zaidi pale wanakikundi walipokuwa si washindani. Mtu hampi siri mwenye duka linalogombea mteja yuleyule. Ukijiunga na kundi la watu wa biashara moja na yako, usishangae mkiishia kulalamikia kodi tu.

Kwa nini kukutana na usiowazoea kunasaidia? Mwanasosholojia Mark Granovetter alishaonyesha sababu mwaka 1973, kwa upande wa ajira: watu wako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari mpya huletwa na yule mnayeonana kwa nadra.

Sisemi watu wa karibu hawana maana. Muuzaji wa jumla anayekupa mali kauli, uchukue mzigo leo na ulipe ukishauza, amekupa mtaji bila hati wala dhamana. Hilo hulipati kwa mtu mliyepeana kadi ya biashara jana. Limejengwa na miaka ya kulipa kwa wakati. Hatari ni pale unapobaki na huyo tu. Mwanasosholojia Brian Uzzi alizichunguza kampuni za mavazi jijini New York katika miaka ya 1990, akaona kwamba zilizokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kubaki hai ni zile zilizochanganya: wachache wa kuaminiana nao sana, pamoja na wengine wa biashara ya kawaida tu. Anayefunga kila kitu kwa watu wale wale, wakitetereka anatetereka nao.

Najua mtu ataniletea habari za zabuni zinazotolewa kwa kujuana. Zipo, na ni dhuluma kwa waliofanya kazi bora wakanyimwa. Lakini tusiite hayo mafanikio ya kibiashara. Mkataba uliokuja na mjomba huondoka na mjomba akistaafu, na kampuni inabaki haijui kutafuta mteja hata mmoja. Wahenga walishasema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sasa nawatupia hoja. Ikiwa kukutanishwa kwa kura, mara moja kwa mwezi, kuliinua mapato kiasi kile, kwa nini baadhi ya vyama vya wafanyabiashara bado vinamtaka mgeni adhaminiwe na wanachama wa zamani ndipo akaribishwe? Wanaotetea utaratibu huo watueleze: asiyemjua yeyote, ambaye ndiye anayekihitaji chama kuliko wote, aanzie wapi?